Kabla ya Kuingiza Wavu Horini: Uduvi Si Mtoto wa Kamba

Kwa wakazi wengi wa Ngomeni, Mida na Mtwapa, uduvi ni kitoweo cha kawaida. Huvuliwa maji yakiwa kidogo, akaanikwa juani, akauzwa kwa fungu. Lakini si kila kidogo kinachoruka ndani ya wavu wa matundu madogo ni uduvi. Humo humo huwemo watoto wa kamba, wale ambao wakikua huuzwa kwa kilo.

Kuwatofautisha si kazi ngumu. Weka wachache kwenye sahani nyeupe yenye maji, kisha hesabu miguu ya kutembelea, ile ya mbele chini ya kifua. Uduvi ana jozi 3. Kamba, hata akiwa mdogo kama punje ya mchele, ana jozi 5. Uduvi hakui zaidi ya hapo: akikomaa hafiki sentimita 5. Kamba ndiyo kwanza anaanza maisha.

Na maisha hayo hayakuanzia horini. Tumchukue kamba mweupe, anayeongoza katika mavuno ya ghuba ya Malindi na Ungwana. Jike hutagia nje baharini, kwenye maji ya chumvi kamili. Habebi mayai tumboni kama kaa; huyaachia majini usiku, na jike mkubwa huweza kuachia laki kadhaa kwa mara moja. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja hivi. Vinavyotoka havifanani na kamba kabisa, na hubadilika umbo mara nyingi huku vikielea na kuliwa na samaki. Baada ya wiki mbili au tatu, waliosalia wamefikia takriban sentimita moja. Hapo husubiri maji kujaa, hasa usiku, na kuingia nayo hadi kwenye mikoko.

Mikokoni hukaa miezi mitatu hivi. Tope lile tunalolikwepa kwa viatu ndilo jiko lao: majani yanayooza na vijidudu vilivyomo. Mizizi na maji machafu huwaficha. Wakishapevuka hutoka na maji yanayokupwa, na mafuriko ya Sabaki wakati wa masika huwasukuma zaidi. Ndiyo maana wavuvi hutarajia kamba baada ya mvua.

Kamba huishi mwaka mmoja, miwili akibahatika. Hakuna akiba ya wazee baharini wa kuziba pengo la mwaka mbaya. Anayenaswa horini akiwa na sentimita mbili hana uzito wa kumfaa mvuvi, wala hajawahi kutaga hata mara moja. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, na anayeilipa mara nyingi ni mvuvi wa kijiji kile kile, miezi michache baadaye.

Chandarua cha mbu hakiruhusiwi kuvulia. Juya nalo lilipigwa marufuku nchini mwaka 2001. Kukata mikoko bila kibali cha KFS pia ni kosa.

Anayetegemea uduvi aulize kwanza BMU ya eneo lake au afisa wa uvuvi ni wavu gani unaokubalika na ni sehemu gani za hori zimefungwa, kabla hajatoa pesa zake dukani. Na akiona miguu jozi 5 ndani ya ndoo, awarudishe majini wangali hai.