Kitabu na Filamu: Nguo Iliyozunguka Kisiwa (Sehemu ya 4)

Habari kwamba nchi yetu imeichagua Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ikawanie tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa zilinikuta Kilwa Kivinje mwaka 2022, na kitabu chenyewe cha Shafi Adam Shafi kikiwa kwenye mkeka kando yangu, nakala ya 1999 ambayo mende wameshamaliza jalada lake. Tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001, hatukuwa tumepeleka kitu huko, basi furaha ilikuwa haki yetu. Lakini jioni ileile barazani likazuka swali: filamu ndiyo bora au kitabu? Kijana mmoja akatujibia sote kwamba filamu bora, maana ameona vipande vyake vya dakika mbili kwenye simu. Kitabu hajakisoma, na hadhani kama atakisoma.

Waliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza wanajua tulikofikia. Tuliona jinsi Sembène Ousmane alivyoandika hadithi yake ya hawala ya fedha kwa Kifaransa mwaka 1966, kisha mwaka 1968 akaitengenezea filamu kwa Kiwolofu ili wauza samaki wa Dakar nao waipate. Tuliona pia kwa nini filamu ya Coppola ilikifunika kitabu cha Puzo. Sirudii. Leo nimerudi nyumbani, kwa sababu pwani hii ililijibu swali la barazani kabla kamera haijazaliwa.

Chukueni ile nguo ya Kilwa. Kila mtoto wa hapa ameisikia: mgeni wa Shirazi anashuka jahazini, anamkuta mwenye kisiwa, anakinunua kisiwa kwa nguo ya kukizungusha chote. Haya, asili ya kisa hiki iko wapi? Kiko kitabu cha Kiarabu, Kitab as-Sulwa, kilichotungwa baada ya Wareno kuuvamia mji mwaka 1505. Nakala tunayoijua ilinakiliwa Unguja mwaka 1877 na sasa iko London. Humo nguo imo, na nyuma ya nguo imo hila: mwenye kisiwa amehamia bara, anapanga kurudi kuua na kupora, na mgeni anauchimba mkondo ambao watu walikuwa wakiuvuka kwa miguu maji yakipwa. Jamaa anarudi, anakuta bahari. João de Barros naye, katika kitabu chake cha 1552, ameitaja biashara ya nguo, ila kwa ukavu wa karani. Bwana huyu hakupata kukanyaga Kilwa. Alikaa ofisini Lisbon akisoma karatasi za wenziwe. Tena ipo simulizi ya Kiswahili aliyoichapa Mjerumani Carl Velten mwaka 1907. Hapo mwenye kisiwa amepewa jina, Mrimba, na amepewa binti, na binti anaolewa na mgeni. Na bahari haikujazwa kwa majembe: ilisomwa Kurani, ikatolewa sadaka, maji yakakataa kupwa.

Nguo moja, washonaji watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwapo. Neville Chittick, aliyechimba magofu yetu miaka ya 1960, akaongeza ukorofi wake: mji ulikuwa na watu tangu karne ya 9, na masultani wanaojiita Washirazi akawasogeza mbele hadi mwishoni mwa karne ya 12. Kwa hiyo hata kitabu cha Kiarabu, ambacho wasomi wetu hukishika kama msahafu, nacho ni masimulizi yaliyopokewa yakapambwa upya.

Mimi, mkiniuliza, nawapa ushindi wale wazee wasiotajwa majina waliomsimulia Velten. Walikuja mwisho, na ndio waliosimulia vizuri kupita wote, kwa ajili ya yule binti. Nguo inanunua ardhi. Ukwe ndio unaompa mtu haki ya kukaa. Mjukuu wa Mrimba akitawala Kisiwani, nani atamwita mgeni? Mwandishi wa Kiarabu alikuwa na haja ya nasaba ya kifalme, Barros alikuwa na haja ya faida ya mfalme wake, wazee wa Kilwa walikuwa na haja ya kuishi na majirani. Nahodha wa mashua anayenivusha kutoka Kilwa Masoko ana toleo lake pia: anashikilia kwamba nguo ilikuwa kaniki, na kwamba ilipelea pima tatu ambazo hazijalipwa hadi leo. Nilitaka kumsahihisha, nikaona bora niinuke nishike tanga.

Nimekwenda mbali. Lakini nani atafahamu kazi ya mwenye filamu kama hajaifahamu kazi ya msimulizi? Vijana wetu wanapenda kuuliza kipi ni bora kama wanaouliza Simba au Yanga. Ni uvivu tu, wasikasirike. Ili kulinganisha viwili, sharti uwe navyo viwili.

Mfano wangu mkubwa ni wa Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, na tamthiliya yake Kinjeketile ya 1969. Nimeifundisha miaka mingi. Mwanafunzi mmoja, ambaye babu yake alikuwa Mmatumbi wa Kipatimu, alisimama darasani akaniambia, kwa adabu zote, kwamba kitabu kinasema uongo. Na kweli. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya watu wa Nandete kung'oa pamba ya Wadachi na vita vya Maji Maji kuanza. Hakuziona maiti za waliokunywa maji yake. Kinjeketile wa jukwaani anaishi hadi anaziona. Anajua sasa maji hayakuzuia risasi, anabembelezwa aseme ni uongo, na anakataa, kwa kuwa akisema hivyo Wadachi watakuwa wameshinda hata kwa wajukuu. Ebrahim aliibadili hata herufi ya jina, na katika dibaji akatuonya kwamba mtu wake si yule wa historia.

Nilimjibu mwanafunzi yule kwamba historia ilimnyonga mapema mno. Kwa siku zile chache, Kinjikitile alikuwa mganga aliyekamatwa. Kwa mwandishi wa Kilwa akawa mtu aliyetoa neno likamzidi nguvu. Huko ndiko ninakokuita kuboresha. Na wala hakuwa wa kwanza kushika kalamu: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alikwishautunga utenzi wa vita hivyohivyo, ukachapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1957. Maduka ya vitabu ya Lindi nimeyazunguka nikiuulizia. Nimeuziwa daftari.

Vuta N'kuvute, basi. Nimeitazama. Shafi ana kurasa za kutosha kukaa na kila mtu wa Ng'ambo ya Unguja, kumsikiliza anavyotania na anavyokopa; filamu ina saa moja na nusu, ikawabakisha Yasmin, Denge, Mwajuma na ukoloni wa miaka ya 1950 unaowanyatia. Wengi wameachwa gatini. Lakini taarabu ambayo kwenye kitabu nilikuwa nikijiimbia mwenyewe, tena vibaya, hapa inaimbwa na Siti Amina aliyemvaa Mwajuma, na kwa hilo kitabu kimeshindwa. Kwa ucheshi kimeshinda. Na tofauti na Sembène, Shivji hakuwa na haja ya kuirudisha hadithi kwenye lugha ya watazamaji wake. Shafi alikwisha kuiandika humo.

Wanaodharau filamu wakumbuke mabanda umiza ya Masoko, tulikoketi kwenye viti vya mbao kumsikiliza marehemu Lufufu akizifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, huku akiongeza maneno ambayo mtunzi wake hakuyaota. Mara nyingine alichoongeza yeye ndicho kilichokuwa na akili.

Ninachokingojea mimi ni filamu ya Kinjeketile. Ipigwe Matumbi, si uwanjani Dar es Salaam. Watu waseme Kimatumbi kwa Kimatumbi na Kiswahili kwa Kiswahili. Mto uwe Rufiji wenyewe, na Hongo, mzimu wa mtoni, asifanywe nyoka wa kompyuta. Huyo atakayeitengeneza atafika mahali pa kuchagua kifo: kile cha Agosti 1905 pale Mohoro, au kile cha Ebrahim, baada ya kushindwa. Achague cha Ebrahim. Wazee wa Mohoro wataninunia, najua, na nikipita kwao kwenda Dar es Salaam nitabaki ndani ya basi.

(Itaendelea)