Hadhari ya Mabomu ya Ardhini: Ibra ya Msumbiji

Vita vya Msumbiji vilipokoma kwa mapatano yaliyotiwa saini mjini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, askari waliweka silaha chini, lakini zile zilizokwisha kuzikwa zilibaki kandokando ya njia, penye madaraja, na chini ya minara ya umeme utokao bwawa la Cahora Bassa, zikimvizia mkulima na mchunga mbuzi bila kubagua, hata Septemba 2015 ndipo serikali ilipotangaza kwamba mashamba yote ya mabomu yaliyojulikana yamesafishwa.

Bomu la aina hii aghalabu ni dogo kuliko sahani, na uzito wa kilo chache tu hutosha kuliripua. Linaporipuka husukuma mchanga, majani, vipande vya kiatu na vya mfupa wenyewe ndani kabisa ya nyama ya mguu, kupita pale jicho linapoona jeraha. Ndiyo sababu tabibu hulazimika kukata juu zaidi, asije akaacha uchafu utakaooza. Na mtoto aliyepatwa na msiba huo hatoshelezwi na mguu mmoja wa bandia, kwa kuwa mwili wake ungali unakua, na takriban kila nusu mwaka hana budi kutengenezewa mwingine.

Wanavijiji hufundishwa wasiguse kitu wasichokijua, waheshimu kibao chenye fuvu, na mtu akitanabahi kwamba yumo hatarini, asimame papo hapo, apaze sauti, angoje msaada. Mafunzo hayo ni faradhi. Ila mimi naona hayatimii mpaka mwalimu aulize kwanza kwa nini watu huingia humo, maana wengi huingia hali wanaijua hatari, wakisukumwa na njaa, kuni au maji, na mama asiye na kisima kingine hazuiwi na picha ya fuvu. Njia ya kisimani na isafishwe kwanza. Katika kazi hiyo Morogoro yetu ina fahari ya haki, kwani panya buku waliofunzwa huko kunusa baruti, wepesi wasioweza kuliripua bomu, walitumika Msumbiji.

Tangu Oktoba 2017 vita vingine vimezuka Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma. Enyi jamaa wa kingo zote mbili, mkikuta chuma msichokijua, msikiguse wala msikitupie jiwe. Waondoeni watoto, mkawaarifu wenye mamlaka siku ile ile.