Leseni ya Mkunga: Ilikotoka na Kwa Nini Uiulizie

Mama mjamzito anayefika kituo cha afya usiku akiwa na uchungu, awe Mutomo au Kibwezi, hana muda wa kumhoji anayempokea. Humwamini tu. Imani hiyo imesimama juu ya leseni inayotolewa na Baraza la Wauguzi la Kenya.

Zamani, Ukambani kama kwingineko nchini, akina mama walizalishwa na wakunga wa jadi waliojifunza kazi kwa mama na nyanya zao. Uingereza ilipitisha sheria ya wakunga mwaka 1902. Kenya ilipata sheria ya kuwasajili wauguzi na wakunga mwaka 1949. Tangu hapo, mkunga alitakiwa kusomea kazi, kupita mtihani na kuandikishwa katika daftari la usajili.

Wakati huo ukunga ulikuwa na cheti chake. Muuguzi alisomea uuguzi kwanza, kisha akaongeza ukunga. Mpango huo ulifaa hospitali kubwa, lakini si zahanati ya kijijini yenye muuguzi mmoja. Huyo huyo hutibu malaria, huchanja watoto na huzalisha usiku. Kwa hiyo, mwaka 1966 yalianzishwa mafunzo ya muuguzi wa afya ya jamii, yaliyounganisha uuguzi, ukunga na afya ya umma. Mwaka 1987 mafunzo ya aina hiyo yalifikishwa ngazi ya diploma. Leo chuo cha KMTC kina kampasi Kitui, Mwingi, Wote na Makindu.

Cheti cha chuo pekee hakimruhusu mtu kufanya kazi. Mhitimu hufanya mtihani wa Baraza, husajiliwa, kisha hupewa leseni. Leseni hiyo ina tarehe ya mwisho, na ili kuihuisha ni lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza.

Haya yote yana maana kubwa chumba cha kujifungulia. Kuvuja damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mama kwa muda wa saa chache. Mkunga aliyehitimu humpa mama dawa ya kuzuia damu mara tu mtoto anapozaliwa, hutambua dalili za kifafa cha mimba, na hujua wakati wa kuita ambulansi.

Wakunga wa jadi bado wana nafasi yao. Wanahimizwa kuwasindikiza akina mama hospitalini badala ya kuwazalisha nyumbani.

Wakazi wanashauriwa kufanya yafuatayo mapema, wakati wa kliniki ya wajawazito:

- Uliza jina la mhudumu na namba yake ya leseni, hasa katika kliniki za kibinafsi.
- Hakikisha leseni hiyo haijapitwa na wakati. Unaweza kuithibitisha kwa Baraza la Wauguzi.
- Ukiwa na shaka, mweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au ofisi ya afya ya kaunti ndogo.

Kuuliza si kumkosea mhudumu heshima. Aliyehitimu atakuonyesha bila kinyongo.