Kuni Zetu na Bonasi Yetu



Kila tukikutana na vikundi hapa Chepseon, tukishamaliza maombi na hesabu za mchango, swali huwa ni lile lile: "Mbona bonasi imeshuka, na majani tumechuma kama mwaka jana?" Leo tulijibu pamoja, pole pole.

Chai yetu nyingi hainywewi Kenya. Inateremshwa Mombasa, inauzwa mnadani kwa dola, halafu inaenda Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko. Pale mnadani iko pia chai ya Uganda, Rwanda na Tanzania. Mnunuzi haulizi mkulima ametumia pesa ngapi. Anaonja, anataja bei. Basi bei hatuiwezi. Je, gharama?

Tuingie kiwandani. Kilo moja ya chai kavu inatoka kwa kilo nne na nusu hivi za majani mabichi. Karibu yote yaliyopungua ni maji, nayo hayatoki bila joto. Boila inakula kuni, mashine zinakula stima. Hizo hulipwa kwanza. Mkulima hupata kinachobaki. Kwa hivyo gogo likichomwa bure, ni bonasi yako inatoka na moshi.

Na kuni mbichi ndizo hasara kubwa. Moto wa kwanza unakausha gogo, si chai. Mama yeyote anajua hayo kutoka jikoni kwake.

Kuhusu stima, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya inatokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Ni safi, lakini si rahisi kwa mfuko. Ndiyo sababu KTDA ilijenga mitambo midogo ya mtoni, kama ule wa Gura kule Nyeri, ili viwanda vijitegemee. Lakini mto ni mtoto wa msitu. Mau ukiisha, mto unapungua, na stima yake pia. Hata chai yenyewe inataka mvua na hali ya hewa tulivu: tunakumbuka Januari 2012, baridi ya barafu ilivyounguza mashamba huku Kericho.

Tufanye nini?

1. Kikundi kiwe na kitalu cha miti, na shamba dogo la mikaratusi ya kuni, mbali na chemchemi na mto.

2. Tupasue kuni, tuzipange chini ya paa, zikauke miezi kadhaa kabla ya kuuza.

3. Kwenye mkutano wa kiwanda, tuulize bila woga: kila kilo ya chai ilikula kuni na stima ya shilingi ngapi? Kiwanda ni chetu, tuna hisa.

Ya kujadili kikundini: Kuni za kiwanda chetu zinatoka wapi? Miaka kumi ijayo zitatoka wapi?

Mtu akilaumu Mombasa peke yake, mwonyesheni kwanza rundo la kuni linalonyeshewa.