Kijana Mwenye Kutafuta Mwongozi: Safari ya Boswell, Desemba 1764

Katika karne ya 18 vijana wa jamaa tajiri za Uingereza na Scotland walikuwa na desturi ya kuzunguka Ulaya ili kumaliza malezi yao. Mmoja wao ni James Boswell, mtoto wa mwamuzi wa Scotland. Safari yake tunaijua vema, kwa kuwa aliandika kila siku mambo aliyoyaona na maneno aliyoyasikia.

Tusidhani kwamba alikwenda kutazama majumba ya wafalme tu. Roho yake ilikuwa na mashaka. Alizaliwa mwaka 1740 katika jamaa ya Waprotestanti. Mwaka 1760 alitorokea London, akapokelewa katika Eklezia Katolika, kiisha muda mfupi akaiacha. Nchini mwake sheria za wakati ule ziliwafungia Wakatoliki kazi za serikali na za baraza. Toka hapo hakutulia: nani atamwonyesha njia?

Tarehe 3 Desemba 1764 akafika Môtiers, kijiji kati ya milima yenye theluji, katika nchi ya Neuchâtel. Huko alikaa Jean-Jacques Rousseau, aliyekimbia Ufaransa mwaka 1762 kwa sababu ya kitabu chake juu ya malezi. Boswell alikuwa na barua ya mkubwa mmoja ya kumjulisha, lakini hakuitumia. Aliandika barua yake mwenyewe, maana alitaka kupokelewa kwa ajili ya nafsi yake. Rousseau alikuwa mgonjwa. Akajibu kwamba aje, ila asikawie.

Kijana akaja, akarudi tena na tena. Akamwachia mzee maandiko yenye habari za maisha yake, makosa pamoja. Tarehe 15 wakala pamoja jikoni: supu, nyama, kabichi, karoti, samaki. Rousseau naye aliwahi kuwa Mkatoliki toka 1728, akarudi kwa Waprotestanti mwaka 1754. Basi alifahamu mashaka ya mgeni. Lakini Boswell alipomwomba awe mwongozi wake, alikataa: yeye aweza kujibu juu ya nafsi yake tu.

Siku ya kuamkia Noeli, Boswell akafika Ferney, karibu na Genève, kwa Voltaire, mzee wa miaka 70. Milango ya mji wa Genève ilifungwa mapema jioni, na mgeni hakushiba mazungumzo. Akaandika kumwomba Madame Denis, mpwa wa Voltaire, wamlaze usiku mmoja, hata juu ya viti viwili. Jibu likaja: vitanda ni vichache, lakini juu ya viti hatalala. Tarehe 27 akarudi.

Nyumbani mle alikaa hata Mjezuiti mmoja, Padri Adam, aliyecheza sataranji na Voltaire. Wengine walipokwenda kula, Boswell na mzee walibaki peke yao, Biblia kubwa mbele yao, wakabishana kwa nguvu. Mzee akatetemeka, akasema anaumwa, akaanguka kitini. Alipopata nguvu, kijana akamwomba aseme kweli imani yake. Akajibu kwamba anamheshimu na kumpenda Mungu. Juu ya roho isiyokufa, labda ndivyo ilivyo, lakini yeye hajui.

Januari 1765 Boswell akavuka milima ya Alpes kwenda Italia.

Tufikiri basi, sisi tuliowekwa kuongoza wengine. Wazee wale wawili walimpa mgeni chakula, kitanda na saa zao. Upande wa ukarimu hatuna neno la kuwalaumu. Tena Rousseau alisema kweli: hakupewa na mtu kazi ya kuchunga roho. Lakini padri au mkatekista hawezi kutoa jibu lile. Kijana akija mlangoni kwetu, pengine anauliza habari ya vitabu, ya masomo, ya kazi. Swali lenyewe hulisema siku ya tatu au ya nne. Tukimwambia asikawie, hatutalisikia kamwe.