Watu wane waliotafuta watungaji walio hai

Tukisema « muziki wa klasiki », wengi kati yetu wanawaza wazee wa Ulaya wenye nywele za kuvaa: Bach, Mozart, Beethoven. Wote walikufa zamani. Basi wanafunzi wanauliza: je, leo hakuna mutu anayeandika muziki wa namna ile? Wako, tena wengi. Lakini mutungaji akiandika na hakuna mupigaji, kazi yake inabaki karatasi tu. Ndiyo sababu tunataka kueleza hapa habari ya Kronos Quartet ya Marekani.

Quartet ni kundi la wapigaji wane: violoni mbili, alto moja (violoni yenye sauti ya chini kidogo), na selo moja, ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Makundi ya namna hii yako tangu zaidi ya miaka 200, na mengi yanapiga hasa kazi za wale wazee.

Mwaka wa 1973, katika muji wa Seattle, kijana mupigaji wa violoni, David Harrington, alisikia usiku katika redio muziki unaoitwa Black Angels. George Crumb aliumaliza mwaka wa 1970, wakati Wamarekani walipokuwa wanapigana vita kule Vietnam. Si muziki wa kulalisha mutoto! Violoni zinatiwa umeme, zinalia sawa wadudu wa usiku. Wapigaji wanapitisha upinde juu ya glasi zenye maji, wanapiga kelele, tena wanahesabu kwa luga mbalimbali: Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungari, Kijapani na Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili! Sisi tulipojua habari hii tulicheka kwanza, kisha tukataka kuusikia.

Harrington hakucheka. Aliona kwamba huu ndio muziki wa siku zake, lakini kuupiga peke yake haiwezekani. Akatafuta wenzake watatu, na kundi likaanza mwaka ule ule.

Feza zilitoka wapi? Mutungaji wa kwanza kuwaandikia kazi mupya, Ken Benshoof, alilipwa mufuko mumoja wa mandazi. Kundi jipya linalokataa kuishi kwa Beethoven linaweza kufa njaa. Wapigaji wakaenda na kubadilika. Mwaka wa 1978, kule San Francisco, wakapatikana wane waliodumu pamoja: Harrington, John Sherba, Hank Dutt na Joan Jeanrenaud wa selo.

Namna yao ya kazi ilikuwa kuomba. Terry Riley, kwa mufano, alikuwa amekwisha kuacha kuandika noti. Alipiga yaliyomutoka kichwani tu. Wakamusukuma mpaka akarudia kalamu. Steve Reich akawaandikia Different Trains mwaka wa 1988. Alipokuwa mutoto wakati wa vita vya pili, alisafiri mara nyingi kwa treni kati ya New York na Los Angeles. Nyuma akawaza kwamba yeye ni Muyuda, na kama angalikuwa Ulaya wakati ule, treni yake ingalikuwa nyingine kabisa. Basi akachukua katika bande sauti za watu, hata za Wayahudi waliookoka, na violoni zinafuata sauti hizo, zinapanda na kushuka sawa maneno yenyewe. Mutu aliyesikia lokole ikisema atafahamu upesi kuliko Mumarekani.

Mwaka wa 1992 wakatoa diske Pieces of Africa, yenye kazi za watungaji wa Afrika tu. Mumoja ni jirani yetu, Justinian Tamusuza wa Uganda. Wengine walitoka Zimbabwe, Ghana, Gambia, Maroko, Nubia na Afrika ya Kusini. Wako wanaosema kwamba ngoma ikiingia katika violoni inapoteza nguvu. Pengine. Lakini sisi tunaona jambo moja: hawakuiba wimbo na kuuandika jina lao. Waliomba mwenyewe aandike, na jina lake liko juu ya diske.

Jeanrenaud aliacha kundi mwaka wa 1999, na wengine wakashika selo nyuma yake. Sherba na Dutt walitoka mwaka wa 2024, kisha miaka zaidi ya 45. Harrington akabaki na wapya.

Sisi tunaonakili noti za korale kwa mukono mpaka vidole vinauma tunajua bei ya kitabu cha noti. Kwa hiyo kazi yao ya tangu 2015 ndiyo iliyotushangaza zaidi. Waliomba watungaji 50, wanawake 25 na wanaume 25, kila mumoja aandike kazi kwa ajili ya quartet za vijana wanaojifunza. Fodé Lassana Diabaté wa Mali, mupigaji wa balafoni, yuko kati yao, na Angélique Kidjo wa Benin pia. Noti zote ziliwekwa katika intaneti, na mutu anazichukua bila kulipa hata franka moja.