Mkanda wa Viroboto Shingoni mwa Paka: Kinga Inapogeuka Sumu

Uyole, mashariki mwa Jiji la Mbeya, ndipo barabara iendayo Tukuyu na Kyela inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam. Ni eneo la utafiti wa kilimo na la wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kwa kuwa kupe hueneza ndigana kali, dawa ya kuogeshea ng'ombe hupatikana katika nyumba nyingi. Katika nyumba hizohizo huishi paka, mlinzi wa ghala la mahindi dhidi ya panya. Paka huyo anapojaa viroboto, mwenye nyumba hushawishika kumpaka dawa ya ng'ombe au kumvisha mkanda uliotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Hapo ndipo hatari huanza.

Mkanda wa viroboto huachia dawa kidogo kidogo kwa wiki au miezi, nayo husambaa juu ya ngozi pamoja na mafuta ya manyoya. Dawa nyingi za aina hii ni pairethroidi, kundi lililoigwa kutokana na sumu ya asili ya ua la pareto, zao linalolimwa Mbeya na Iringa na kusindikwa Mafinga. Permetrini, mojawapo ya pairethroidi hizo, ilitangazwa na watafiti wa Rothamsted, Uingereza, mwaka 1973. Dawa hizi hushikilia wazi milango ya sodiamu katika neva za mdudu, neva zikatuma ishara bila kukoma, hata mdudu akapooza na kufa.

Binadamu, ng'ombe na mbwa huivunja permetrini upesi. Paka hawezi, kwa sababu ini lake lina upungufu wa vimeng'enya vinavyoiunganisha sumu na asidi ya glukuroniki ili itolewe mwilini. Zaidi ya hayo, paka hujilamba mwili mzima, hivyo kilichopakwa kwenye manyoya huishia tumboni. Kiasi kinachomwacha mbwa salama chaweza kumuua paka.

Madhara si ya namna moja. Madhara mepesi ni ngozi kuwasha, kuwa nyekundu au kunyonyoka manyoya chini ya mkanda. Mara nyingi hupona mkanda ukiondolewa. Sumu ya permetrini hudhihirika baada ya saa chache, pengine hata siku moja au zaidi: masikio na misuli hurukaruka, mate hutoka, mwendo huyumba, joto la mwili hupanda, kisha degedege. Baadhi ya mikanda ina organofosfati. Hizo huleta mate na machozi mengi, kuhara, mboni za macho kusinyaa na kupumua kwa shida.

Dalili zikionekana, mkanda uvuliwe mara moja. Mhudumu avae glavu, amwoshe paka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, amkaushe na kumkinga na baridi, ambayo nyanda za juu haikosekani. Paka mwenye degedege asioshwe kabla degedege haijatulizwa. Asinyweshwe maziwa wala mafuta, na asilazimishwe kutapika. Apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na mkanda au pakiti yake, kwani tiba hutegemea jina la dawa: atropini hutumika dhidi ya organofosfati, ilhali sumu ya pairethroidi haina kiuasumu maalumu, na paka huokolewa kwa dawa za kutuliza misuli na degedege.

Jambo hili lahusu pia afya ya watu. Mtoto amkumbatiaye paka hugusa dawa, kisha hutia vidole kinywani. Mikono ioshwe kwa sabuni, na paka aliyevishwa mkanda asilale kitandani pamoja na watoto.

Haya yote hayamaanishi kwamba mikanda yote ni sumu. Ipo iliyotengenezwa na kupimwa kwa ajili ya paka, hata yenye pairethroidi iitwayo flumetrini kwa kipimo maalumu. La msingi ni kusoma maandishi ya pakiti: je, yanamtaja paka, umri wake na uzito wake? Mkanda uache nafasi ya vidole viwili shingoni, na uwe wa kuachia paka anaponaswa. Pakiti isiyomtaja paka si yake, hata kama imewaponya ng'ombe wote wa zizini.